Kikombe Kimoja Kilichozidi

Kinyozi wa kwetu alinipigia simu akiwa na mteja kitini, maana nilisikia mashine ikinguruma, akaniambia Mwalimu amefariki. Nikamuuliza amefariki vipi. Akasema amefariki jana baada ya chakula cha mchana, kwenye kiti chake barazani, redio ikisoma utabiri wa hali ya hewa, na inavyoelekea alikuwa katikati ya kubishana nayo. Nisamehe, msomaji wangu, lakini nilicheka. Nililia baadaye, tena sana, hadi binti yangu akaja jikoni kuangalia kama namenya vitunguu. Lakini kwanza nilicheka, kwa sababu Mwalimu alibishana na redio ile miaka yote niliyomfahamu. Ikisema mvua itanyesha nyanda za juu, yeye anauliza nyanda zipi, upande gani wa kilima, na nani alikuja kupima. Safari hii redio imesoma hadi mwisho bila kupingwa, na najua jambo hilo lingemuudhi kuliko kufa kwenyewe.

Sijamaliza kucheka, kinyozi akaongeza kwamba nyumbani kwa marehemu hapakaliki. Ndugu zake walikuwa njiani kutoka Kilimanjaro na gari la kubebea jeneza, wamchukue wakamzike kihambani, kwenye migomba ya baba yake, kama ukoo wao unavyofanya kwa kila mtoto wake hata akifia wapi. Mjane, ambaye ni Mwiraqw wa hapa hapa, mzaliwa wa upande wa Daa, alikuwa amekwisha sema kwamba mume wake haondoki. Mahali pa kaburi alishapaonyesha: nyuma ya nyumba, kwenye kona ya shamba la mbaazi, ili kila akienda kupalilia mbaazi apalilie na kaburi. Mama huyu ana miguu mibovu. Mumewe akipelekwa Kilimanjaro, atamwona mara moja kwa mwaka, tena akibahatika kupata wa kumsindikiza. Niliacha kazi zangu hapa Karatu mjini, nikachukua bodaboda.

Wewe ambaye hujafika kwetu usijilaumu, wengi wamepita bila kufika. Mji wetu umekaa juu ya mgongo wa kilima, barabara katikati, maduka upande huu na maduka upande ule, na nyuma ya maduka papo hapo yanaanza mashamba ya mahindi na maharage ya ngwara. Udongo ni mwekundu. Kiangazi unaula na masika unakuvua viatu. Ukitazama juu asubuhi unaona msitu wa Ngorongoro umejifunika ukungu, na ukitazama chini unaona joto la bonde la vitunguu likicheza hewani. Watalii wanapita kwenye landkruza kuelekea kreta, tunawapungia, wanatupungia, na hawasimami ila tairi likipasuka. Tairi likipasuka tunakuwa na sikukuu. Siku moja mtalii aliyekuwa akisubiri tairi alituonyesha ramani yake. Ilikuwa na Karatu, halafu barabara iliyopindapinda, halafu picha kubwa ya tembo. Tulitafuta mji wetu tukakuta uko chini ya tumbo la tembo.

Jambo hilo lilimkera Mwalimu hadi usingizi ukampaa. Alikuwa amekuja kutufundisha jiografia akiwa kijana mwembamba mwenye sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kazi ya kwanza aliyoifanya ni kuupima mji mzima kwa hatua zake mwenyewe, akihesabu kwa sauti huku mbwa wakimfuata. Kisha akapata mabaki ya rangi akachora ramani kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Aliweka kisima, makanisa, msikiti, josho la ng'ombe na kila nyumba. Watu walikata rufaa. Mama wa maandazi alidai nyumba yake imechorwa ndogo kuliko ya jirani ilhali mabati yanalingana. Mwingine alitaka choo chake kipya kionekane. Mwalimu aliwasikiliza wote, akaenda na kamba kupima upya. Mimi nilikuwa darasa la sita, na fimbo mbili alizonipa kwa kuchora mto unaopanda kilima bado nazikumbuka. Lakini naye alikuwa na kosa lake kwenye ukuta ule. Pembeni kabisa kulia alichora Mlima Kilimanjaro na theluji yake, wakati kutoka kwetu huuoni hata upande juu ya paa la kanisa. Tulipomuuliza alisema ni wa kutuonyesha mashariki iko wapi.

Na watu? Ukiuliza mji wetu una watu wangapi, mwenyeji atakuuliza lini. Siku ya mnada tuko wengi kama jiji: wafugaji na ng'ombe wao, wauza mitumba kutoka Arusha, wachoma nyama, wapiga debe, na mhubiri mwenye spika mbovu. Kesho yake wanabaki mbuzi wanaokula maganda ya miwa. Desemba ndiyo balaa. Wenye maduka karibu wote ni watu wa Kilimanjaro, na tunawaita Mangi bila kubagua. Krismasi ikikaribia wanafunga milango wanakwenda kwao, na sisi tuliobaki tunaazimana kiberiti. Ndiyo sababu mwaka mmoja, sensa ilipokaribia, mkutano wa kijiji uliomba tuhesabiwe siku ya mnada, ili tuonekane wengi tupewe zahanati. Mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa amechaguliwa kuwa karani wa sensa, alisimama akasema haiwezekani: anayehesabiwa hapa ni aliyelala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa, na mengine yote ni porojo. Walimzomea hadi akakaa.

Sasa nikupe kisa ambacho kwetu hakuna asiyekijua. Chini ya kilima, upande wa malisho, kuna boma la mzee mmoja mfugaji. Mwalimu alifika huko na karatasi zake, akamuuliza mzee ana watoto wangapi. Mzee alimtazama kama mtu aliyeuliza tusi. Wazee wa pale hawahesabu watu wala ng'ombe, wanasema ukihesabu unaita kupungua. Wanawajua kwa majina na kwa sura, inatosha. Mwalimu akasema sawa, basi nipe majina. Mzee akataja majina, akataja, akataja, pamoja na kijana anayechunga mbuzi Samunge, binti aliyeolewa Engaresero, na mwingine anayelinda geti Arusha. Mwalimu akamweleza kwamba hao hawakulala hapa. Mzee akajibu kwamba kulala si kitu, ng'ombe akilala kwa jirani hageuki kuwa wa jirani. Walizunguka hapo hadi jua likawa la utosi.

Ndipo Mwalimu akapata akili. Alimwomba yeyo, yaani mama wa boma, apike chai, na kila aliyelala bomani usiku uliopita achukue kikombe kimoja, hata mtoto wa mgongoni awekewe chake. Wakinywa, wavipange vikombe chini kwa mstari. Hakuna mtu aliyehesabiwa, vimehesabiwa vikombe, na mzee hakuwa na pingamizi na vikombe. Mwalimu akapita na mstari, kikombe na jina, kikombe na jina, mpaka mwisho. Kikazidi kimoja. Akarudia, kikazidi. Hapo akaanza kushuku kwamba kuna mtoto amefichwa. Aliuliza kwa upole, kisha bila upole, akachungulia ndani ya nyumba, akaingia hadi zizi la ndama na kutoka na samadi kwenye sweta zote mbili. Boma zima lilikuwa likimtafuta mtu huyo asiyejulikana. Yeyo ndiye aliyemkamata mkono akamwelekeza kwenye kikombe cha mwisho, ambacho mdomoni kilikuwa bado na unyevu, akamuuliza chai yake aliionaje. Wanasema kicheko kilisikika hadi barabarani. Mwalimu alipotaka kukitoa kikombe chake kwenye mstari, mzee alimkataza. Alisema umekunywa chai yetu, umepanga chombo na vyetu, nani amekufukuza. Tangu siku hiyo bomani hawakumwita Mwalimu tena, walimwita Kikombe.

Nilifika msibani nikakuta turubai limeshafungwa, wanawake wako kwenye masufuria, na kaka mkubwa wa marehemu amekaa kiti cha mbele, mzee mrefu mwenye koti, na gari la jeneza limegeuzwa tayari kutazama barabara. Kinyozi alijaribu kusema. Mwenyekiti wa kijiji alijaribu kusema. Mzee yule aliwajibu wote kwa adabu ambayo haikuacha nafasi hata ya kupitisha sindano: anawashukuru kwa kumtunza ndugu yake, lakini mtoto wa ukoo anarudi kwenye ukoo, na shemeji yake atakaribishwa huko wakati wowote. Mjane alikuwa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa, anasokota pindo la kanga. Nilimwona anashindwa. Mimi ambaye nalipwa kwa kuandika maneno nilikwenda kuchochea kuni chini ya masufuria.

Nadhani mzee yule alifikiri jambo limekwisha, ndiyo maana akaanza kulalamika kidogo, kama wafiwa wanavyofanya wakishatulia. Alisema ndugu yake alikuwa mtu mgumu. Akatupa mfano. Sensa iliyofuata, Mwalimu akiwa amestaafu, baba yao mdogo alifariki huko kwao, na akazikwa mchana wa siku ya mwisho kabla ya kuhesabiwa. Ndugu wote walikuwapo. Mwalimu akatupia udongo wake kaburini, akanawa mikono, akaaga. Hakusubiri chakula. Hakukaa kwenye kikao cha ukoo, ambako walikuwa wamemwekea kiti. Walimsihi alale, wakisema hata makarani wa kule watamwandika vizuri tu, akakataa katakata. Alisema anawahi kwake. Alidandia basi hadi Arusha, na kutoka Arusha akapanda lori la vitunguu lililokuwa likirudi tupu.

Hapo watu wa kwetu wakaanza kutazamana, kwa sababu siku hiyo tunaikumbuka. Alishuka kwenye lori jua likizama, macho mekundu kwa maganda ya vitunguu, ananuka kachumbari, anauliza kesho karani anaanzia nyumba ipi. Mjane akainua kichwa.

"Shemeji," akasema taratibu, "alisema anawahi wapi?"

Mzee aligeuka kitini. Alitazama turubai, akatazama nyumba, akatazama mbaazi.

"Alisema anawahi kwake," akajibu. "Alikuja hapa."

Mzee alitoa leso akafuta uso wote, kisha mabega yakaanza kutikisika, tukadhani analia, kumbe anacheka, halafu akalia kweli. Alisema ameleta gari kutoka mbali kuja kushindwa na lori la vitunguu. Alikubali kwa sharti moja. Alipokuwa akingoja alitembezwa hadi kwenye mashine ya kusaga, akaona ule mlima ukutani umebanduka, imebaki theluji kidogo inayoelea. Sharti lake ni kwamba mlima upakwe rangi upya kabla yeye hajaondoka. Kinyozi alikimbia dukani saa hiyo hiyo, na kama ilivyo kawaida yetu watu sita walimfuata kumshauri rangi. Leo tuna Kilimanjaro kubwa kuliko kanisa, ya buluu kali, na mama wa maandazi amekata rufaa kwa sababu inakaribia paa lake.

Tulimzika kwenye kona ya mbaazi. Mzee wa boma alipanda kilima kwa miguu, na rubega yake na fimbo yake, na mkononi ameshika kikombe cha bati. Zilipokwisha sala, akasogea kaburini, akakiweka kikombe juu ya udongo. Kisha mtu huyu ambaye hajawahi kutamka hesabu ya kiumbe chochote akatugeukia.

"Sisi hatuhesabu watu walio hai," akasema. "Kikombe sasa hawezi kudhurika. Mhesabuni. Ni mmoja."

Tulicheka kaburini, wote, pamoja na mjane, na kaka wa marehemu alicheka hadi akamshika mzee bega asianguke. Nimeishi miaka mingi nikiwauliza watu swali lile letu la kwanza, kwamba wewe ni wa wapi, na nikishajibiwa Kilimanjaro, Loliondo au Mbulu naona nimemaliza kumjua mtu. Sasa nimeliacha. Nikikutana na mgeni nangoja jioni ifike, namtazama anakimbilia wapi.