Gwaride la Viroboto wa Maji

Baba alipostaafu upolisi alianza kulima nyanya nyuma ya nyumba yetu, Kyebando. Siku moja muuzaji wa dawa za wadudu akampa kipakiti cha unga auchanganye na dawa yake, eti una chembe nano na utaipa dawa nguvu maradufu. Baba hakuuchanganya. Alipanda boda akaja nao hadi kwenye maabara ninakofanya kazi, akauweka mezani.

"Wewe ndiyo ulisoma hii maneno," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Hii kitu inaongeza sumu ama inapunguza?"

Nikamweleza kwamba inategemea. Chembe hizo ni ndogo mno. Unywele ukilazwa kando yake ni gogo. Kuna zinazoinasa sumu zikazama nayo, na kuna zinazoibeba hadi ndani ya kiumbe.

"Inategemea si jibu. Pima."

Mkuu wangu alicheka, akaniruhusu. Nilikuwa nikifuga viroboto wa maji, vidudu vya bwawani vinavyodhurika upesi na sumu. Nikaweka kumi kumi katika glasi nne: maji matupu, dawa peke yake, dawa na unga wa Baba, dawa na chembe za udongo nilizokuwa nimehangaika nazo miezi mingi nikitaka zinase sumu, bila kupata la maana.

Asubuhi ya tatu Baba alifika shati limenyooshwa, viatu vinang'aa, akainama juu ya glasi kama anayekagua gwaride. Kwenye maji matupu wote waliogelea. Kwenye dawa peke yake nusu walikuwa wamekufa. Kwenye unga wake hakuna aliyetikisika, wote wamekufa.

Baba akaisogeza glasi hiyo kando. "Na maji ya shamba yangu yanaingia kwa mfereji wa watu," akasema.

Kisha akahamia glasi ya udongo, akahesabu kwa sauti. "... nane, tisa, kumi! Wote wako, afande!"

Nilihesabu tena. Kumi. Nikamkumbatia Baba, tukarukaruka pale kati ya meza mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

"Lakini hii ni glasi, Baba, si shamba," nikamwonya. "Bado kuna kazi."

"Fanya. Mimi hiyo unga sitaki hata kuiona."

Nikamkalisha mbele ya hadubini. Kiroboto wa maji mwili wake unapitisha mwanga. Unaona moyo ukidunda, na mgongoni watoto wamejikunja. Baba hakutaka kubanduka. Alikuwa bado ameinama pale mmoja alipoanza kuwatoa watoto wake, wakatawanyika majini. Akachomoa simu akampigia Mama.

"Mama watoto! Amezaa! Na wote wazima!"

"Nani amezaa?" Mama akauliza kwa sauti iliyosikika chumba kizima. "Na mbona sikuambiwa ana mimba?"