Bi Korido afumua programu ili kengele ya watoto njiti ipate mwenzake

Saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja anatembea kwenye korido ya ghorofa ya pili, viatu mkononi. Anakwenda mpaka dirisha la mwisho, anageuka, anarudi mpaka mlango wa choo, anageuka tena. Hajafungiwa nje wala hamsubiri mtu. Anaisubiri kompyuta.

Mezani kwake mistari ya maandishi inakimbia kwenye skrini. Kompyuta inaijenga upya programu nzima, na hilo huchukua dakika arobaini. Mtu mwingine angekunywa chai akatulia. Yeye chai yake imepoa tangu alipoimimina.

Wenzake wanamwita Bi Korido, na ameshalizoea jina. "Tungemfunga kipimo cha kilomita mguuni, tungekuta ameshavuka mpaka," anatania jirani yake wa meza.

Nyumbani nako ni yale yale. Mumewe, fundi majokofu, anasema wakila humshika goti. "Nikimwachia, vikombe vinacheza ngoma. Namuuliza, mama watoto, kuna nini? Ananiambia, nimekumbuka mstari."

Kampuni yao hutengeneza mashine za kuwatunza watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia. Ndani ya kila mashine kuna programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Inapima joto, inaendesha feni, na mtoto akipoa au akizidi joto, inapiga kengele ile ile moja.

Programu hiyo ina faili karibu elfu mbili. Kila faili, kabla ya kuanza kazi, huita faili nyingine fupi zinazoitwa vichwa, ili ziieleze mambo inayohitaji kuyajua. Waanzilishi walikuwa na haraka. Badala ya kila faili kuita kichwa chake, walitengeneza kichwa kimoja, wakakipa jina Vyote, wakarundika humo kila kitu. Miaka ikapita, vichwa vikaitana vyenyewe kwa vyenyewe, na hakuna tena aliyejua nani anamtegemea nani.

"Mtumaini cha nduguye hufa maskini," anasema Bi Korido, mguu ukigonga sakafu. "Humu ndani wote wanakula kwa jirani. Ukimgusa jirani mmoja, mtaa mzima unalala njaa."

Hakuanzia kwenye programu. Kwa miaka minne alikuwa akipokea simu za hospitali, huku akijifunza kuandika programu jioni. Kati ya waliopiga alikuwamo sista wa wodi ya watoto. Ombi lake lilikuwa dogo: baridi iwe na kengele yake na joto liwe na yake, ili akiwa upande wa pili wa wodi ajue akimbilie kufanya nini.

"Nikamwambia subiri kidogo, sista. Mimi huyu, kwa mdomo wangu. Akasubiri mwaka mzima," anasema.

Mafundi walijaribu kuongeza kengele hiyo. Walipoweka maelezo yake ndani ya Vyote, feni ikagoma. Hawakujua feni imeingiaje kwenye ugomvi wa kengele, wakarudisha mambo yalivyokuwa. Ndipo Bi Korido akaomba ahamishwe kutoka kwenye simu, akaifumue Vyote. Alikubaliwa kwa mshahara ule ule wa simu, bila hata senti ya ziada.

Njia yake ni kuondoa mstari mmoja wa kuita kichwa, kujenga upya, kutazama nini kimevunjika, kisha kuipa faili iliyovunjika kichwa chake yenyewe. Halafu anahamia mstari mwingine. Kazi ya kuchosha roho, na kwa mtu asiyetulia ni adhabu.

Mwezi uliopita aliondoa mstari uliokuwa kama hauna kazi. Programu ikajengwa bila kosa hata moja. Akashangilia, akaenda kula.

Aliporudi, alimkuta mpimaji wa mashine amesimama mezani kwake, mikono kwapani.

"Dada, mashine yako leo ina adabu sana," alimwambia. "Nimeipoza mpaka vidole vimekufa ganzi. Haijasema kitu."

Kengele ilikuwa imetoweka. Programu ilikuwa imeagizwa hivi: kama kuna ruhusa ya kengele, iweke. Ruhusa hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye kichwa alichokiondoa. Kompyuta haikuuliza ruhusa iko wapi. Ilichukulia haipo, ikaiacha kengele nje, ikaendelea na shughuli zake.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema. "Maandishi mekundu ya makosa siyaogopi, hayo yanakupigia kelele. Ila kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliwaza, je, kama mpimaji asingeshughulika siku ile?"

Meneja alimwita. "Mama, nakupa nafasi moja tu," alimwambia. "Kengele ikinyamaza tena, Vyote inabaki ilivyo na wewe unarudi kwenye simu."

Tangu hapo ameongeza hatua. Kila akiondoa mstari, huilinganisha programu mpya na ile ya zamani, chembe kwa chembe. Alichobadilisha ni njia ya kuitana tu, kwa hiyo zinapaswa kufanana kabisa. Zikipishana hata kwa chembe moja, anarudisha mstari na kutafuta sababu.

Leo ameondoa mstari wa mwisho unaoita Vyote. Ndiyo maana viatu viko mkononi.

"Imemaliza!" jirani yake anaita kutoka ndani.

Bi Korido anaingia mbio. Hakuna maandishi mekundu. Anaendesha ulinganisho, anasogeza uso karibu na skrini. Zinafanana. Bado hacheki. Anateremka ngazi hadi chumba cha majaribio, ambako mpimaji ameshaanza kuipoza mashine. Wote wawili wanaitazama.

Kengele inalia, kali, mpaka meneja anachungulia mlangoni.

"Iache," Bi Korido anamwambia mpimaji aliyetaka kuizima. "Iache kidogo." Machozi yanamtoka na hayafuti.

Kuanzia sasa, anaeleza, atakayegusa kengele atajenga kengele peke yake, kwa dakika mbili, na feni haitahusika. Lakini kengele ya pili bado haijaandikwa hata mstari. Anapanda tena ghorofani, mezani kwake, na kupiga namba anayoijua kwa kichwa.

"Sista, shikamoo. Ni yule wa simu. Ile kengele yako ya baridi, bado unaitaka?"

"Marahaba. Mwanangu, ulipotelea wapi?"

"Nilikuwa nafumua. Nimemaliza, sista. Kesho naanza kuishona."

Upande wa pili kunasikika mtoto akilia, na sista akimbembeleza. Kisha anarudi kwenye simu.

"Kwa nini kesho?"

Bi Korido anatazama saa ya ukutani. Bado ni asubuhi. Anavaa viatu vyake, anavuta kiti, anakaa.