Ramani Mbili za Ukumbi wa Mji

Naikumbuka siku moja, mwanangu, siku tuliyokaa kuchagua ramani ya ukumbi mpya wa mji, pamoja na ofisi zake za makarani. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, tulipokuwa tukiitana ndugu, mkubwa kwa mdogo. Mimi nilikuwa binti wa Magomeni, na akina mama wa mtaa wetu walikuwa wamenichagua niwawakilishe kwenye kamati. Tulikutana Kariakoo, ghorofani juu ya duka la ushirika, kelele za wachukuzi na mikokoteni zikitupandia dirishani.

Ramani zilikuwa zimebaki mbili. Moja ilichorwa na ndugu Elia Mushi, kijana wa Kilimanjaro aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Jengo lake lilikuwa refu, jeupe, lenye ngazi pana mbele. Nilipoliona nilishika mdomo. Nyingine ilikuwa ya ndugu Saidi Nachoti, mtu wa Masasi, mpole, mwenye sauti ya chini hadi umwinamie ndipo umsikie. La kwake halikuwa na ghorofa: baraza kubwa upande wa barabara, ukumbi katikati, na nyuma ua wenye kivuli.

"Hii si nyumba ya Kiswahili tu, ila imenenepa?" mjumbe mmoja alisema, tukacheka. Nachoti naye alicheka kidogo, akakunja mikono.

Kila mtu alijua mambo yamekwisha, Mushi ameshinda. Mwenyekiti wetu, Mzee Chande, akasema tunywe chai kwanza, kisha tupige kura. Mushi hakuja kwenye birika. Alibaki amesimama mbele ya ramani ya mwenzake. Nilimpelekea kikombe, hakukipokea. Alikuwa akifuata mistari kwa kidole, anafika mwisho, anarudi, anafuata tena.

Tulipoketi aliomba kusema. "Ndugu Mwenyekiti, kabla ya kura naomba twende kiwanjani. Na naomba chokaa."

Tulidhani anataka kujiongezea sifa. Kiwanja kilikuwa karibu, upande wa kuteremkia Jangwani. Tukamsaidia kuvuta kamba, naye akamwaga chokaa chini, akachora vyumba vya chini vya jengo lake kwa ukubwa wake halisi. Kando yake akachora vya Nachoti. Jua lilikuwa kali, shati limemganda mgongoni. Kisha akamgeukia Bi Mwanaidi, mjumbe mwenzetu aliyekuwa mtu mzima mwenye mguu mbovu.

"Mama, chukulia umekuja kumwandikisha mjukuu wako aliyezaliwa. Ingia kwangu."

Bi Mwanaidi akaingia. "Hapa ni ngazi, panda," Mushi akamwambia. "Hapa zunguka nyuma. Hapa subiri, na hapa hapana kivuli." Halafu akampeleka kwa Nachoti. Kutoka barabarani ilikuwa hatua chache tu, yumo barazani. "Hapa umeketi, mama, na dirisha la karani liko mbele yako."

"Hapa ningekuja hata kama sina shida," Bi Mwanaidi akasema.

Mushi akapangusa mikono. "Ndugu zangu, jengo langu mtalipenda mkiwa barabarani. Mkiingia mtanilaumu. La ndugu Saidi ni bora kuliko langu. Naomba mchague la kwake."

Mzee Chande akamvuta pembeni, lakini yule mzee kunong'ona hakukujua. "Mwanangu, umefikiri? Kazi kama hii haiji mara mbili."

"Najua, mzee. Hata baba kule Moshi nimeshamwambia kwamba nimeipata." Akageuka kuitazama chokaa pale chini. "Lakini jengo haliondoki. Nitapita mbele yake maisha yangu yote."

Nachoti alimwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Tukaipigia kura ramani ya Nachoti, ukumbi ukajengwa, na Mushi alimsaidia mwenzake kupiga mahesabu ya paa bila kutaka jina lake liandikwe popote. Kazi kubwa nyingine ilichelewa sana kumjia. Alizunguka mikoani akichora zahanati na shule, na sikuwahi kumsikia akinung'unika.

Siku ya ufunguzi mvua ilishuka ghafla. Watu wote wakakimbilia barazani, wakaenea. Nachoti alipoitwa mbele, alipita katikati ya watu, akamtoa Mushi kule nyuma alikojibanza. Siku hiyo sauti yake ilisikika hadi barabarani: "Mpigieni huyu makofi kwanza. Ninyi mlikuwa tayari kuipigia kura ramani yake. Yeye ndiye aliyeipigia yangu."

Mwanangu, nimewaona wengi wenye vipaji, na wengi wamenipendeza. Lakini aliyenifundisha ni yule. Ukiona kazi ya mwenzako imeizidi yako, sema. Usingoje mpaka ajue mwenyewe, wala usiseme chumbani kwako ambako haikugharimu kitu. Sema pale ambapo neno lako bado linaweza kubadili jambo. Utaumia, sikudanganyi. Ila watu watakaa mahali pazuri kwa sababu yako, na wewe utapita hapo bila kuinamisha macho.

Mungu akupe jicho la kuupenda uzuri uliotoka katika mkono usio wako, akupe na moyo wa kuutaja mbele za watu. Amina.