Mwaka Niliosema Kilimia Kimekufa

Nilikuwa mwalimu wa watu wazima katika kijiji cha ujamaa kati ya Bunda na Butiama, na mwaka ule nilikuwa nikiogopa anga. Sasa naandika hivyo bila aibu. Wakati ule ningekufa kabla ya kukiri.

Chanzo kilikuwa gazeti. Mkufunzi wangu wa zamani alinipa nilipokwenda Musoma kuchukua mshahara. Lilieleza habari za chombo kilichorushwa angani kutoka baharini, karibu na Malindi, kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Nililisoma ndani ya basi kifua mbele, maana jina lilikuwa letu. Kisha nikafika pale palipoeleza chombo hicho kimeona nini. Kilikuwa kikipokea miale kama ile ya eksirei ya hospitali, na mingine ilitoka mahali ambapo nyota kubwa ilikuwa ikinyonywa na kitu kisichoonekana. Wataalamu walidhani kitu hicho ni nyota iliyokufa, ikajididimia ndani yake yenyewe mpaka hata mwanga ukashindwa kutoka. Ukurasa wa pili ulisema nje ya kundi letu la nyota yako makundi mengine yasiyohesabika, na huenda katikati ya baadhi yake mna mashimo ya namna hiyo, makubwa zaidi. Nilishuka basi nikitazama chini. Wiki nzima nilikuwa nikioga mapema, jua likiwa bado juu, ili nisitoke nje tena giza likiingia.

Ningenyamaza, yangeisha. Lakini sikuweza kuogopa peke yangu, na mdomo wangu siku zile haukuwa na breki. Alasiri moja, tulipomaliza kusoma sentensi za pamba na mbolea, niliwaeleza wanafunzi wangu yote, nikachora ubaoni nyota na shimo linaloimeza. Nikatia na mbwembwe: mwanga wa nyota husafiri miaka mingi kabla ya kutufikia, kwa hiyo nyota unayoiona leo inaweza kuwa ilikufa zamani.

Mama mmoja wa dawati la mbele aliacha kuandika. Alikuwa mjane, mkali, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani.

"Mwalimu, na Kilimia je?"

"Hata Kilimia, mama. Huenda kilishamezwa, sisi tunaona mwanga wake tu."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mimi mgeni sikujua nimefanya nini. Pamba ilikuwa ya bwana shamba na tarehe zake, lakini wimbi, yaani ulezi, chakula chenyewe, bado lilifuata lile kundi dogo la nyota. Aliyekitazama Kilimia kwa niaba ya nyumba zote za upande ule alikuwa mama yuleyule, kazi aliyoirithi kwa mama mkwe wake. Kikianza kuonekana mashariki jua linapozama, kesho yake yeye alimwaga mbegu ya kwanza. Hakuna nyumba iliyothubutu kumtangulia.

Kilimia kikatoka. Mvua nayo ikanyesha siku nne mfululizo, ardhi ikalainika vizuri. Mama hakutoka. Siku ya tano hakutoka, wala ya sita, na udongo ukaanza kukauka juu. Majirani walisimama milangoni na mbegu zao, wakiitazama nyumba yake. Hapo nikapatwa na woga mwingine, na ule wa anga nikauona mchezo wa watoto. Niliona njaa inakuja, na aliyeiita ni mimi. Nilimwaza pia mwenyekiti wa kijiji akisikia kwamba mwalimu amezuia kilimo. Nisidanganye, hilo nililiwaza sana.

Nilimwendea mchana. Alikuwa uani, anasuka kikapu kana kwamba hana kazi nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu."

"Mama, mbona hupandi?"

"Mimi nilikuwaga nakiangalia najua na chenyewe kinaniangalia. Sasa nikisema watu wapande, ni kwa ruhusa ya nani? Ya maiti?"

"Sikusema kimekufa. Nilisema huenda."

"Ulichora ubaoni."

Nikakaa chini palepale kwenye udongo. Nikamwambia ukweli: gazeti halikutaja Kilimia popote, niliongeza mwenyewe. Nikamwambia naogopa hata kutoka nje jioni, na kwamba niliwasimulia ili tuogope wote.

"Kumbe," alisema. Aliingia ndani, akarudi na mbegu. "Mkono wangu umeshaingia wasiwasi, sipandi. Utaanza wewe. Watu wamwone aliyesema ndiye anapanda."

Nilipanda alasiri ileile shambani kwake, nyumba zote zikitazama. Mbegu zikawa zinarundikana hapa, pale hakuna kitu.

"Tawanya, Mwalimu! Unalisha kuku?" mama alinikemea.

Kesho yake kila nyumba ilipanda. Lakini siku nzuri za mvua zilikuwa zimeshapita. Wimbi liliota kwa mabaka, na lililoota likabaki fupi, lenye masuke mepesi.

Nilijiandaa kulaumiwa. Hakuna aliyenilaumu. Ilikuwepo sehemu ya desturi ambayo sikuwa nimeambiwa: aliyemwaga mbegu ya kwanza ndiye huletewa unga wa kwanza na kila nyumba, na hakatai, kwa sababu kukataa ni kuwatakia watu shari. Walikuja mmoja mmoja. Huyu alileta bakuli, yule kikombe, na mwingine kiganja kimoja cha unga alichokifunga kwenye pindo la kanga. Nilimwomba mama yule, karibu nilie, anisaidie kuwarudishia.

"Kula, Mwalimu," alisema. "Usiwatie watu hofu tena."

Nikapika uji pale uani kwangu, nikaunywa wote, watoto wao wamesimama wananitazama.