Gari la Maji la Piusi

Piusi wa Rhotia alikuwa na Landrova kuukuu na mdomo usiochoka. Baba yake, mzee Hhando, alikuwa na ombi moja: apelekwe ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kabla macho yake hayajazima. Ujanani alichimba barabara ya kupandia huko, kibarua kikakatika kabla haijafika juu. Sasa magoti yalikuwa yamechoka, na daktari alishasema macho hayana muda.

Ilikuwa mwaka 1980, petroli adimu kama maziwa ya kuku. Piusi alikuwa ameficha dumu moja chini ya kitanda, la kutosha kwenda na kurudi. Lakini kichwani alikuwa na haidrojeni. Zamani shuleni mwalimu alitumbukiza nyaya za betri ndani ya maji, gesi ikapanda, akaiwasha kwa kiberiti, ikalia po. Tangu siku hiyo Piusi aliamini gari litakwenda kwa maji, na hakuambilika.

"Vumilia, Baba," alisema. "Safari yako tutakwenda kwa maji."

Dumu akalibadilisha kwa betri mbili za lori. Mkewe, Lukresia, akamwuliza, "Baba Sylvesta, betri zikiisha utazichaji na nini?"

"Na injini."

"Na injini itakula nini?"

"Gesi."

Lukresia akarudi kuchambua maharage yake.

Gesi iliingia kwenye tyubu ya gurudumu kidogo kidogo, na kila asubuhi aliikuta imenywea. Siku alipojaribu kuwasha gari, injini ilikohoa, ikanyamaza, na betri zikawa zimekwisha. Majirani wakamwita Bwana Maji. Mzee Hhando hakumcheka. Kila jioni aliuliza kama maji yamekubali.

Petroli ilipopatikana, mzee alishaanza kutembea kwa kupapasa ukuta. Piusi akampeleka hivyo hivyo. Walisimama ukingoni bila ukungu wowote, kreta yote wazi chini yao.

"Tumefika?"

"Tumefika, Baba."

"Basi niambie kuna nini."

Yeye aliyeeleza haidrojeni mpaka watu wakasinzia, alitafuta neno akakosa. Mwisho akaliona ziwa.

"Kuna maji, Baba. Maji mengi."

"Ya maji umeshaniambia sana," mzee akasema kwa upole. "Niambie mengine."