Muuguzi Alipopiga Magoti

Juzi, kwenye kliniki moja ya saratani hapa Kampala, nilikaa jirani na mama Mkongomani, muuza vitenge. Saratani yake ya titi imeshafika kwenye ubongo. Muuguzi, binti wa Kiganda, alimwomba damu ya utafiti: wanatafuta dalili za kuonyesha mapema ugonjwa unapoelekea kichwani.

"Lakini mama, wewe hii haitakusaidia."

"Labda wenye watakuja nyuma yangu? Basi, toa."

Alipomaliza, muuguzi akapiga magoti, kichupa kimefumbatwa kiganjani, kama wanawake wa Kiganda wanavyoshukuru. Mama akashtuka, akainama kutazama sakafuni.

"Umeangusha damu yangu?" Akanyoosha mkono wa pili. "Haina shida, binti yangu. Toa ingine."

Nilikuwa nimepanga kuilalamikia foleni ya pale. Sasa nashukuru ilikuwa ndefu.