Orodha Niliyoinakili Muhumba

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani, Muhumba, ndugu yangu, nikasimama mbele ya nyumba ya yule mwalimu wetu Muzungu. Siku hizi kuna ukuta murefu na sentineli wa kulinda mlango, akaniuliza natafuta nani. Nitafute nani tena!

Alikuwa Mwingereza. Kwao alitunga michezo ya jukwaani, halafu filamu, mpaka akachoshwa na wakubwa wa filamu waliombadilishia maneno kila siku. Akaja kutufundisha Kiingereza. Jumamosi tulifanya barazani kwake mazoezi ya mchezo aliotutungia, huku maman mupishi akikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na ile harufu ilitusahaulisha maneno yote. Jirani yetu mshonaji, mnene na mcheshi, ndiye alikuwa Colonel wa mchezo. Akisahau, anapiga saluti tu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma!

Vita ikaingia mjini. Karatasi ikawa shida, utepe wa mashine ya kuandikia ukakauka. Mimi, msichana wa miaka kumi na moja mwenye mwandiko mzuri, nikapewa kazi ya kunakili. Kwenye orodha ya wachezaji sikuandika kichwa cha mchezo, eti nabana karatasi. Niliandika tu jina la jirani, na mbele yake: Colonel. Nilijiona mjanja kweli.

Jumamosi moja, tukiwa mazoezini, askari wakaja kupora, wakaikuta ile orodha mezani. Wakamvuta mshonaji, wakampiga mateke mpaka meno mawili yakang'oka.

"Colonel, batu bako beko wapi?"

"Chef, miye ni mushonaji! Ni théâtre!"

Wakamwekea bunduki kichwani. "Nani aliandika hii liste?"

Nilifungua kinywa. Mwalimu alinitazama mara moja tu, akasema, "Ni miye. Nilisahau kuandika kama ni théâtre."

Mkubwa wao akapekua daftari la maneno yetu, akaona ni mchezo kweli. Akasema mtu wa kusahau lazima akumbushwe. Wakaulaza mkono wa kuume wa mwalimu kwenye ngazi, wakauponda kwa kitako cha bunduki. Vidole nilivisikia vikivunjika. Wakabeba redio, wakaenda.

Mshonaji alipona. Mwalimu alirudi kwao wiki ile ile, na hakuandika mchezo mwingine mpaka kufa. Siku ya kuagana alinishika kichwa kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kumwomba msamaha, kusema pardon, ndugu yangu, nikalia tu. Baraza limebomolewa, wenzangu wametawanyika, na lile neno bado sijalisema.